Picha Zitokazo Jaani

Paketi ya unga ikiisha unga wake haina heshima tena nyumbani. Hukung'utwa, ikatiwa motoni au ikatupwa nyuma ya nyumba, nao upepo huichukua mpaka kwenye miiba. Katika mji wa Mandera, wakati wa kiangazi, mtu aweza kuona miti imevaa mifuko na makaratasi ya kila rangi mfano wa bibi arusi. Mpita njia huona uchafu tu, akaenda zake.

Hata hivyo alikuwako mwalimu mmoja katika nchi hii ya Kenya ambaye alipoitazama paketi tupu ya unga hakuona uchafu. Aliona rangi. Akatwaa mkasi na gundi, na picha alizozitengeneza kwa paketi hizo zikavuka bahari mpaka New York, zikatundikwa ukutani katika nyumba ya sanaa, watu wakaja kuzitazama.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za mwalimu huyo na za kazi yake, na kwa nini twaona kwamba kazi hiyo yawafaa watu wa Mandera na majirani zao wa Wajir na Garissa kuliko wengi wanavyodhani.

MWALIMU ASIYEKUWA NA RANGI

Jina lake ni Bibi Rosemary Karuga. Alizaliwa Meru mwaka 1928, baba yake akiwa mtu wa Uganda na mama yake mtu wa Kenya. Mwaka 1950 aliingia Makerere, akasoma sanaa hata mwaka 1952. Alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma sanaa katika chuo kile, ambako Bibi Margaret Trowell alikuwa ameanza kuwafundisha vijana wa Kiafrika kuchora mambo ya nchi yao wenyewe, wala si kuiga tu picha za Ulaya. Huko Bibi Karuga alijifunza kuchora, kupaka rangi na kutengeneza sanamu. Kisha akarudi Kenya, akashika kazi ya ualimu.

Hapa msomaji atulie kidogo afikiri. Mtu amefundishwa kazi, mkono wake umezoea brashi, jicho lake limezoea kupima nuru na kivuli. Lakini rangi za wachoraji ni vitu vya kuagizwa kutoka ng'ambo, na kichupa kimoja chaweza kula fedha ambayo ingenunua chakula cha nyumba nzima. Mshahara wa mwalimu una midomo mingi inayoungoja. Basi miaka ikapita kumi, ikapita ishirini, ikapita thelathini. Mwalimu akafundisha watoto wa watu, na kazi yake mwenyewe ya sanaa ikakaa nyuma.

Katika miaka ya 1980, umri wake ukikaribia sitini, Bibi Karuga aliirudia. Fedha za kununua rangi hazikuwapo hata wakati huo. Ndipo alipogeukia vitu vilivyokuwamo nyumbani: paketi za unga, karatasi za kufungia sabuni ya Rexona, magazeti na majarida yaliyokwisha kusomwa. Alivikata vipande vidogo vidogo, akavipanga na kuvibandika kimoja kando ya kingine, kama fundi apangaye vijiwe vya rangi sakafuni. Kipande kimoja hakikuwa na maana. Vikikusanyika, palitokea wanawake kazini, wanyama, ndege, na maisha ya shamba kama alivyoyajua.

Mwaka 1987 alipata nafasi ya kufanya kazi katika Paa ya Paa, nyumba ya sanaa ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1965 na Bwana Elimo Njau wa Marangu pamoja na wenzake. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika Studio Museum ya Harlem, mjini New York, pamoja na kazi za wasanii wengine wa Afrika. Miaka yake ya mwisho aliishi Ireland, na huko alifariki mwaka 2021, akiwa mwenye umri wa miaka 92.

Twataka tueleweke vizuri. Hatusemi kwamba ukosefu wa rangi ni jambo jema, wala kwamba umaskini ni mwalimu wa sanaa. Ile miaka thelathini haikurudi, na hapana ajuaye picha ngapi zingalizaliwa ndani yake. Tusemalo ni hili: paketi za unga zilikuwako miaka yote ile. Zilikuwa jikoni, zikingoja. Kama mtu angalimwonyesha mapema kwamba karatasi iliyotupwa ni rangi kama rangi nyingine, huenda asingalingoja hata uzeeni. Kwa sababu hiyo twaona ni wajibu kuieleza habari hii kwa walio vijana leo.

KAZI HII KATIKA DUNIA

Sanaa ya kutengeneza picha kwa vipande vilivyobandikwa huitwa kolaji, neno lililotoka katika Kifaransa, na maana yake ni kubandika kwa gundi. Mwaka 1912 wachoraji wawili waliokuwa Ufaransa, Georges Braque na Pablo Picasso, walianza kutia katika picha zao vitu vya kawaida. Braque alibandika karatasi za kupambia kuta zilizochapwa alama kama za ubao. Picasso alitwaa kipande cha kitambaa cha mezani kilichochapwa mfano wa ususi wa kiti, akakibandika katika picha, kisha akaizungushia picha yote kamba badala ya fremu. Watu walishangaa. Wengine walisema huu ni mchezo wa watoto. Lakini tangu siku hizo hapana aliyeweza kusema kwamba picha ni lazima iwe ya rangi ya kununua.

Wala si wao waliokuwa wa kwanza kushika mkasi. Katika karne ya 18 alikuwako Uingereza mama mmoja mjane, Mary Delany, aliyeanza kukata maua ya karatasi alipokuwa na umri wa miaka 72. Kila ua alilitengeneza kwa vipande vingi vya karatasi za rangi, vikibandikwa juu ya karatasi nyeusi, kwa uangalifu mkubwa hata wataalamu wa mimea wakayasifu. Alifanya kazi hiyo miaka kumi hivi mpaka macho yakamshinda, na maua yake yapatayo elfu moja kasoro kidogo yamehifadhiwa mpaka leo katika British Museum, London. Basi asitokee mtu wa kusema, "Mimi nimekwisha kuzeeka."

Katika wakati wetu huu, aliyeifanya kazi hii ijulikane sana ni binti wa Nairobi, Bibi Wangechi Mutu, aliyezaliwa mwaka 1972. Yeye hakushika mkasi kwa kukosa rangi. Alitwaa majarida ya mitindo ya mavazi, ya pikipiki na ya wanyama wa porini, akayakata, akayaunganisha upya kuwa wanawake wa ajabu: mguu kutoka jarida hili, jicho kutoka jarida lile. Mwaka 2006 alitengeneza picha juu ya karatasi za kale za mafunzo ya udaktari, zile zilizochorwa magonjwa ya wanawake, akazifanya nyuso za watu. Mwaka 2014 alionyesha kazi zake London, na maonyesho yale akayapa jina la Kiswahili, "Nguva na Nyoka". Mwaka 2019 sanamu zake nne za shaba ziliwekwa mbele ya jumba la Metropolitan Museum, New York, katika vijumba vya ukutani vilivyokuwa vitupu tangu mwaka 1902.

Kazi ya Bibi Mutu yatufundisha jambo la pili, nalo ni kwamba mkasi nao husema. Majarida hutuambia mwanamke mzuri ni wa namna hii na hii. Yeye aliyakata majarida yale yale na kuyajibu kwa karatasi yake yenyewe.

GAZETI LIKITUCHORA NUSU

Jambo hili la kujibu lagusa Mandera kwa karibu. Mji huu uko katika pembe ya mwisho ya Kenya, mahali ambapo Kenya, Ethiopia na Somalia hukutana, karibu na mto Daua, nao uko mbali na Nairobi yapata kilomita elfu moja kwa barabara. Wakenya wengi hawajafika huko. Waijua Mandera kwa picha za magazetini tu.

Na picha hizo ni zipi? Katika ukame wa miaka ya 2020 hata 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, zilikuwa picha za mizoga ya ng'ombe na ngamia. Mvua zilipofika mwisho wa mwaka 2023, zikawa picha za mafuriko. Nyakati nyingine ni basi lililoshambuliwa, au askari na bunduki zao. Zamani picha zilikuwa chache zaidi, kwa maana nchi yote ya Kaskazini Mashariki iliwekwa chini ya sheria za hatari tangu Desemba 1963 hata mwaka 1991, na mgeni hakuingia huko kwa urahisi.

Hatusemi kwamba magazeti yamesema uongo. Ukame ulikuwako na mizoga ilikuwako. Lakini mtoto wa Mandera afunguaye gazeti akaona kwao kila siku mzoga na bunduki, hataona shamba la vitunguu la Rhamu, wala migomba na maembe ya kando ya Daua, wala mama akifukiza chombo cha maziwa jioni, wala soko la ngamia. Picha ni ya kweli, lakini ni nusu. Mtoto huyo akipewa mkasi aweza kuimaliza. Rangi ya udongo ataipata katika ile ile picha ya ukame, na rangi ya majani ataipata katika tangazo la majani ya chai. Atalikata gazeti lililomhuzunisha, na kwa vipande vyake atatengeneza nyumba yao.

MKONO ULIOZOEA

Huenda msomaji akasema kwamba mambo haya ni ya Nairobi na New York, nasi wafugaji yatuhusu nini? Twajibu kwamba watu wa Mandera, hasa akina mama, wamekuwa wakifanya kazi ya vipande kabla ya jina la kolaji kufika.

Tazama nyumba ya mfugaji, ile iitwayo herio. Anayeijenga ni mama. Hukunja fito, akazifunga, akazifunika kwa mikeka aliyoisuka mwenyewe, na siku ya kuhama huibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Leo mikeka imepungua, na herio nyingi zimezibwa kwa magunia, vitambaa vya kanga kuukuu, katoni na turubai. Kila kiraka kina sababu. Kizito huwekwa upande wa upepo, chepesi upande wa hewa, na mwenye nyumba hodari hupanga rangi hata jicho la mgeni likapendezwa. Mabati ya makopo ya mafuta ya msaada nayo hukatwa, yakanyoshwa, yakaunganishwa kuwa mlango.

Tazama pia chombo cha maziwa kisukwacho kwa nyuzi za mizizi, kikabana hata tone halipiti. Nakshi zake zimepangwa kwa hesabu: huku giza, huku weupe, pembe kwa pembe. Aliyekisuka hakwenda Makerere. Lakini elimu ya kupanga sehemu ndogo mpaka ziwe kitu kizima anayo mikononi, na hiyo ndiyo elimu aliyoitumia Bibi Karuga mbele ya vipande vyake vya paketi. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

GUNDI IMO MITINI

Zaidi ya hayo, kuna jambo moja ambalo twadhani wasomaji wengi hawajalifikiri. Katika kazi ya karatasi, kitu cha lazima baada ya mkasi ni gundi, na gundi iliyo bora imo katika miti ya kaskazini.

Kati ya miti ya migunga kuna mmoja ambao Waswahili huuita kikwata na Wasomali huuita adad. Wakati wa kiangazi, gome lake likipasuka au likitiwa jeraha, mti hulia machozi ya rangi ya asali. Machozi hayo hukauka kwa jua, yakawa madonge magumu, na wachungaji huyachuma. Hii ndiyo gundi ijulikanayo ulimwenguni kwa jina la gundi ya Kiarabu. Wamisri wa kale waliitia katika wino. Kwa miaka mingi ndiyo iliyopakwa nyuma ya stempu za posta na midomo ya bahasha. Hata zile rangi za maji za wachoraji, ambazo Bibi Karuga hakuweza kuzinunua, si kitu ila unga wa rangi ulioshikwa pamoja kwa gundi hii. Viwanda vya soda na vya peremende huitumia pia.

Basi tazama mzunguko huu wa ajabu. Gundi huchumwa katika nchi ya kaskazini, ikauzwa kwa kilo kwa bei ndogo, ikapelekwa mbali, ikarudi katika kichupa kidogo dukani kwa bei kubwa. Naye mwalimu wa Mandera husema hawezi kufundisha sanaa kwa sababu hana gundi.

Mtu asiichanganye na ubani au manemane, ambavyo pia hutoka katika miti ya nchi hiyo. Njia ya kuzitambua ni rahisi. Gundi ya kikwata huyeyuka yote katika maji na haina harufu kali. Ubani na manemane hunukia vikitiwa motoni, na katika maji haviyeyuki vyote.

NAMNA YA KUFANYA

Sasa twaeleza kazi yenyewe, ili atakaye ajaribu.

Kwanza, gundi. Ponda madonge ya gundi ya mti, utie kikombe kimoja katika vikombe viwili vya maji ya vuguvugu, uache usiku kucha. Asubuhi koroga, uchuje kwa kitambaa safi ili maganda na mchanga vitoke. Itakuwa nzito kama asali. Gundi hii ikikauka sana hupasuka, kwa hiyo tia kijiko kidogo cha asali au sukari. Matone mawili ya mafuta ya karafuu huizuia isioze. Asiyepata gundi ya mti atumie unga wa ngano: kipimo kimoja cha unga kikorogwe katika maji baridi kidogo, kisha kipikwe pamoja na vipimo vinne au vitano vya maji mpaka uji ung'ae. Shabu kidogo ikitiwa humo huusaidia uji usiharibike upesi.

Pili, karatasi. Usikusanye kwa pupa. Paketi za unga, za majani ya chai, za tambi na za biskuti, kalenda za miaka iliyopita, bahasha, magazeti na majarida, vyote vyafaa. Chagua vilivyo safi na vikavu. Vipange kwa rangi katika makopo au mabahasha: nyekundu na nyekundu, kijani na kijani, na rangi za udongo mahali pake. Utashangaa kuona rangi ya ngozi ya mtu ina namna ngapi katika jarida moja. Nyuzi za magunia na maganda makavu ya migomba ya Daua yafaa pia. Maganda hayo yana rangi za kahawia za kila daraja, na mafundi wengi wa Afrika Mashariki huyatumia kutengeneza picha na kadi za kuuza.

Tatu, ubao. Katoni ngumu yatosha. Bandika karatasi nyeupe pande zote mbili, maana ukibandika upande mmoja tu katoni itajikunja ikikauka, hasa katika joto la Mandera.

Nne, chora kwa kalamu ya risasi umbo lako kwa mistari michache. Anza na vilivyo mbali: mbingu kwanza, kisha ardhi, kisha miti, kisha watu na wanyama. Kipande kilichokatwa kwa mkasi kina ukingo mkali, nacho chafaa nyumba na vyombo. Kilichochanwa kwa mkono kina ukingo mwororo wenye weupe, nacho chafaa wingu, vumbi na manyoya ya mbuzi. Panga kwanza bila gundi. Tazama kwa mbali. Ukiridhika, ndipo ubandike. Paka gundi nyembamba, ukandamize kwa kitambaa kutoka katikati kwenda ukingoni ili hewa itoke.

Mwisho, funika picha kwa karatasi safi, uweke juu yake ubao na jiwe, uiache kwa siku moja. Isitundikwe juani, kwa sababu karatasi ya gazeti hugeuka manjano upesi na rangi zake hufifia. Tena iwe mbali na mchwa na unyevu, maana mchwa hupenda uji wa ngano kuliko sisi tunavyopenda picha.

MAONYO MACHACHE

La kwanza ni la dini, nalo ni kubwa. Karatasi yenye Jina la Mwenyezi Mungu au aya za Kurani haikatwi, haikanyagwi, wala haitiwi gundi. Mwalimu azichambue karatasi mwenyewe kabla watoto hawajashika mkasi, na akiona maandishi ya Kiarabu asiyoyajua ayaweke kando mpaka aulize. Kadhalika wako wazazi ambao dhamiri zao haziwaruhusu kutengeneza sura za viumbe wenye roho. Waheshimiwe. Kazi hii haitaki lazima sura ya mtu. Nakshi za vyombo vya maziwa, mistari ya mikeka, nyota na pembe kama zile za milango ya Lamu, zatosha kumfundisha mtoto miaka mingi.

La pili ni kwa ndugu zetu makarani. Ofisi ina karatasi nyingi nzuri, lakini faili ya serikali si jarida kuukuu. Karani asije akakata barua ya madai ya mtu ili apate rangi ya buluu ya mbingu.

La tatu, nyembe na mikasi mikali zisiachwe mikononi mwa watoto wadogo. Wao wachane kwa vidole. Picha itapendeza vile vile.

La nne, mtu asiiendee kazi hii kwa tamaa ya utajiri wa haraka. Picha njema huuzwa, lakini polepole. Bibi Karuga alichukua maisha yake yote kufika Harlem.

MASHAURI KWA WAZAZI NA WALIMU

Tangu mwaka 2019 shule za msingi za Kenya zilianza kufuata Mtaala wa Umilisi, na humo masomo ya sanaa yana nafasi yake. Wazazi wengi wamenung'unika, nao wana haki, kwa sababu mtoto hurudi nyumbani na orodha ya vitu vya kununua: rangi, karatasi za pekee, gundi. Mzazi ambaye mbuzi wake wamekufa kwa ukame atavipata wapi? Mtoto asiye na vitu hivyo huketi nyuma na kuwatazama wenzake, na moyoni husema, "Mimi sina kipaji." Lakini aliyonayo ni mifuko mitupu, wala si moyo mtupu.

Yatupasa basi kuigeuza orodha hiyo. Mwalimu badala ya kusema, "Leteni rangi", na aseme, "Leteni paketi tano tupu na donge moja la gundi ya mti." Siku hiyo mtoto wa mfugaji ndiye atakayekuwa tajiri darasani, kwa kuwa anaijua miti. Bibi yake aitwe shuleni awaonyeshe watoto jinsi nakshi ya chombo cha maziwa inavyohesabiwa. Picha zilizo bora zitundikwe ofisini mwa mwalimu mkuu, au katika zahanati, mahali ambapo wageni hupita, ili afisa au mwandishi wa gazeti atokaye Nairobi aone Mandera kama watoto wa Mandera waionavyo.

Mwalimu mmoja alingoja miaka thelathini kabla ya kugundua kwamba rangi yake ilikuwa jikoni. Hapana haja tena ya mtoto yeyote kungoja kiasi hicho. Jioni hii, mama akimimina unga wa mwisho katika sufuria, ile paketi isitiwe motoni. Apewe mtoto.